Muswada wa Nyoka

Nimefanya kazi chini ya viongozi watano wa Seneti hapa Abuja, na wanne kati yao nikikutana nao leo sokoni Wuse nitavuka barabara nisiwasalimie. Siwasingizii. Mmoja alinitupia faili la kurasa mia mbili likanipata begani. Mwingine hakuwa akijua shughuli ya siku ni ipi mpaka nimnong'oneze, kisha akisimama anajifanya amekesha akiisoma. Wa tano alikuwa Seneta Kyari Bulama, Mkanuri wa Borno, na huyu ndiye ninayetaka kumsema.

Watu wakitazama televisheni wanamwona Rais wa Seneti kwenye kiti kikubwa na nyundo yake, wanadhani yule ndiye anayeendesha mambo. Wapi. Yule anagonga nyundo. Anayepanga nini kianze, nini kisubiri, nani aseme kabla ya nani, na watu waende kula saa ngapi, ni Kiongozi wa Seneti. Orodha ya shughuli za siku inatoka mezani kwake, na mimi, Ene Adakole, karani wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na saba, ndiye niliyekuwa naichapa.

Bulama alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ndogo. Hakumwita seneta yeyote ofisini kwake hata mara moja. Viongozi wengine walikuwa wanatuma ujumbe, "Mwambie aje," na yule seneta anakuja amevimba tayari. Bulama alikuwa anaingia ukumbini nusu saa kabla ya kikao, anapita kiti kwa kiti, anachuchumaa kando ya mtu huku joho limemwagika sakafuni, anaanza salamu zile ndefu za kwao: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za joto, habari za uchovu. Mpaka amalize, mtu aliyekuja na hasira hakumbuki alikuwa anamkasirikia nani. Ndipo anamuuliza, "Ile hoja yako nikiiweka ya nne badala ya pili, utaninunia?" Nani atamnunia mtu aliyechuchumaa?

Kuna maseneta wawili wa majimbo jirani walioapa kuchaniana majoho kwa sababu ya mpaka wa mto. Wiki nzima waandishi wa habari wanasubiri ngumi. Bulama akamwendea wa kwanza akamwambia, "Mwenzako amefiwa na mama mkwe, na hoja ya rambirambi haina mtu wa kuitoa." Akamwendea wa pili akamwambia, "Jiandae kushukuru, kuna mtu atakupa pole leo." Hoja ya rambirambi akaiweka kabla ya hoja ya mto. Ukimpa mtu pole mbele ya watu saa nne na nusu, unaanzaje kumtukana saa tano? Ule mjadala wa mto uliisha kabla ya chakula cha mchana na hakuna kofia iliyodondoka. Mimi nilikuwa nyuma yake na karatasi zangu, nacheka ndani kwa ndani.

Sasa, huyu Bulama alikuwa na mtani wake, Seneta Hamman Jauro, Mfulani wa Adamawa, kiongozi wa maseneta wa upinzani. Wakanuri wa ziwani na Wafulani wachunga ng'ombe ni watani tangu zamani, kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa wake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Hawa wawili waliufanya utani wao kuwa kazi ya pili.

"Kiongozi," Jauro anaita kutoka ng'ambo ya ukumbi, mrefu huyo, meno yote nje, "nani amekufungua kamba leo? Nilikuacha nyumbani unachota maji."

"Nyamaza wewe," Bulama anamjibu bila kuinua uso kwenye karatasi. "Umekunywa maziwa mpaka ubongo umeganda."

"Afadhali maziwa. Wewe ukipita hapa tunajua kwa harufu kwamba samaki wa ziwa wamefika."

Rais wa Seneti anagonga nyundo, watu wanacheka, kikao kinaanza vizuri. Chama tofauti, kabila tofauti, na wakigongana kwenye hoja wanagongana kweli. Lakini sikuwahi kuona watu wawili wanaopendana vile.

Jauro alikuwa na muswada mmoja aliouhangaikia miaka kumi na miwili. Ulitaka kila hospitali ya wilaya iwe na dawa ya sumu ya nyoka, na serikali iitengeneze hapa nchini badala ya kungoja ya kuletwa kwa ndege. Mtu wa Lagos anaweza kucheka. Kwao Jauro, mvua zikianza, nyoka wale wadogo wa rangi ya mchanga wanatoka mashimoni, na watu wanaolima na kuchunga miguu mitupu wanakufa. Mdogo wake mwenyewe, Asta, aliumwa kisimani akiwa na miaka kumi na minne. Kaka yao Sa'idu alimpakia kwenye pikipiki, akampeleka hospitali tatu kwa siku mbili. Zote tatu hazikuwa na dawa. Walirudi naye amefungwa kwenye shuka.

Siku Jauro alipouleta muswada huo mara ya kwanza, alianza kulisoma jina lake refu la rasmi, na Bulama, ambaye wakati ule alikuwa seneta wa kawaida tu, akapaza sauti, "Mheshimiwa Rais, mtumwa wangu ameleta Muswada wa Nyoka! Naomba tuukague mifuko." Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi. Jauro naye alicheka, angefanyaje, ni mtani wake. Lakini jina likaganda. Tangu siku hiyo kila ukitajwa, mtu anatoa sauti ya nyoka, mwingine anainua miguu juu ya kiti, na muswada unasukumwa wiki ijayo. Bunge likaisha, muswada ukafa. Likaja jingine, ukafa tena.

Bulama alipopewa uongozi, siku ya kwanza kabisa aliniambia nifunge mlango. "Ene, dada yangu," akasema, "kuna muswada niliouua kwa mdomo wangu. Nataka tuufufue, na usimwambie mtu."

Ilituchukua miaka minne. Kamati ya afya iliukalia, akaenda kuchuchumaa kando ya mwenyekiti wa kamati siku tisa mfululizo. Ukasomwa mara ya pili siku ya mvua kubwa, wakati wachekeshaji wote wamekwama kwenye foleni barabarani. Msiniulize nani alichagua siku hiyo. Bunge la chini likaupitisha. Ikabaki kusomwa mara ya tatu kwetu, na kwa vurugu za bajeti na uchaguzi, nafasi iliyopatikana ilikuwa moja tu: siku ya mwisho ya kikao, shughuli ya tisa. Kesho yake bunge lingevunjwa. Na muswada ambao haujapita bunge likivunjwa unakuwa karatasi ya kufungia kosai, zile bajia za kunde za barabarani. Atakayeutaka aanze upya, na watu wapya.

Jauro mwenyewe alikuwa amelazwa, figo zimemchoka. Jioni ya kuamkia siku hiyo alipiga simu ofisini, nikaiweka kwenye spika wote tusikie.

"Mtumwa," akasema, sauti imebaki kidogo. "Kesho usipoupitisha nitakuuza Maiduguri kwa bei ya mbuzi mgonjwa."

"Lala wewe. Shughuli ya tisa. Saa sita hivi utasikia kwenye redio."

"Nitasikia."

Alfajiri alifariki dunia.

Nilipigiwa simu saa kumi na mbili, na saa moja nilikuwa ofisini. Bulama alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ametoka nyumbani kwa marehemu, ametoa pole, amerudi. Kofia yake ya Kikanuri ilikuwa mezani, na mimi sikuwahi kumwona kichwa wazi. Mbele yake ile orodha ya shughuli, kumi na moja kwa jumla.

Hapo lazima mjue desturi yetu. Seneta akifa bunge likiwa hai, Seneti inakutana siku hiyo kwa jambo moja tu. Rais wa Seneti anasoma barua ya familia, watu wanasimama kimya dakika moja, Kiongozi wa Seneti anatoa hoja ya kuweka pembeni shughuli zote na kuahirisha kikao kwa heshima ya marehemu, watu wanakwenda msibani. Haijalishi mezani kuna nini. Niliwahi kuona bajeti ya nchi nzima ikiachwa vile. Katika mambo machache ambayo maseneta wetu hawajayachezea, hili ni mojawapo.

"Bosi," nikasema, "shughuli ya tisa."

"Nimeiona."

"Tukiahirisha, muswada umekufa."

"Ene, najua kusoma."

Hakuwahi kunijibu vile. Nikakaa. Kijana wa mawasiliano akaingia na ujanja wake: tuanze kikao kama kawaida, tuupitishe muswada harakaharaka, barua ya msiba isomwe baadaye, nani atajua? Nilidhani Bulama atampiga.

"Yaani nimfiche Jauro chini ya meza," akasema polepole, "kama mtoto aliyeiba nyama? Nusu ya maseneta walishapigiwa simu. Toka."

Mwingine akapendekeza tumwombe Rais wa Seneti aongeze siku. Siku haziongezwi, katiba ndiyo inayolivunja bunge. Saa tatu akaja Seneta Osinaike wa Ogun, mzee wa kanuni, mtu anayejua kila kifungu na kila desturi, na ambaye akisimama kusema "utaratibu" hata nyundo inatetemeka. Hakuwa mbaya. Alikuwa na macho mekundu.

"Kiongozi, pole sana," akasema. "Najua kilichokuwa kwenye orodha leo. Najua pia unajua desturi. Nimekuja tu kusema kwamba ukiivunja kwa Jauro, kesho itavunjwa kwangu na kwako. Tutakufa watu wauze na wanunue juu ya majina yetu."

"Nimekusikia, mzee wangu."

"Na nilimpenda."

"Nimekusikia."

Osinaike akaondoka. Bulama akanitaka nimchapie hoja ya kuahirisha. Niliichapa. Sitawadanganya, nilikuwa na hasira naye. Miaka minne nimebeba ule muswada kwenda kamatini na kurudi, nimewabembeleza makarani wenzangu, nimepiga mihuri, halafu mwisho wake ni ukurasa mmoja wa heshima. Nilimpa ile karatasi bila kumtazama usoni. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akavaa kofia yake, tukashuka.

Kwa mara ya kwanza hakupita kiti kwa kiti. Alikwenda moja kwa moja kule juu wanakokaa wageni. Alikuwako mtu mmoja tu wa familia, Sa'idu, kaka yake Jauro, aliyeleta barua. Wengine walikuwa wanamwosha marehemu, maana maziko yalikuwa saa nane baada ya swala. Mtu mzima yule, kanzu nyeupe, amenyooka kama ukuta. Wafulani hawalii mbele za watu. Bulama alichuchumaa kando yake, wakashikana mikono muda mrefu. Sikuona midomo ikisogea.

Saa nne kamili nyundo ikagongwa. Barua ikasomwa. Tukasimama kimya dakika moja, na nilisikia watu wakipumua. Tukakaa. Rais wa Seneti akasema, "Namwita Kiongozi wa Seneti."

Bulama akasimama. Ile karatasi yangu ikabaki mfukoni.

"Mheshimiwa Rais," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "nasimama kutoa taarifa ya mtumwa wangu aliyetoroka."

Seneta mmoja wa Rivers aligeuka kuangalia kama amesikia vizuri.

"Ametoroka leo alfajiri bila ruhusa. Nimekwenda nyumbani kwake nimemkuta amelala, nimemwita hakunijibu. Jeuri ile ile. Kwetu na kwao, mheshimiwa Rais, mtani haendi msibani kulia. Kulia wapo wenye kazi hiyo. Mtani anakwenda kuchukua mali. Mali ya mtumwa ni ya bwana wake, na mimi nimekuja kuchukua changu."

Maseneta wa kaskazini walishaanza kuinamisha vichwa, mabega yanatikisika, na hukuweza kujua mtu anacheka au analia. Wa kusini walikuwa wanatazamana.

"Nimeangalia alichoacha. Ng'ombe wake wamekonda, mbavu unazihesabu ukiwa mbali mjini Yola. Nyumba yake ya kijijini inavuja, nililala mle mara moja nikaota nimerudi ziwani. Majoho yake hayanifai, yule alikuwa mrefu kupita akili yake. Nimetafuta kila mahali, nimekuta kitu kimoja tu cha maana. Kiko kwenye orodha yenu ya leo, shughuli ya tisa. Nakichukua. Kuanzia sasa muswada ule ni wangu, na ninaomba usomwe kwa mara ya tatu."

"Utaratibu!" Osinaike alikuwa amesimama tayari, kitabu cha kanuni mkononi, hakukifungua. "Mheshimiwa Rais, kwa majonzi makubwa. Kifo kikishatangazwa, ukumbi huu haufanyi shughuli nyingine. Haujawahi. Kiongozi analijua hilo kuliko mimi. Tunaahirisha ili kumpa marehemu heshima."

Rais wa Seneti akamtazama Bulama. Hata yeye uso wake ulikuwa unamwomba atafute njia.

"Mzee wangu Osinaike amesema kweli," Bulama akasema. "Tunaacha shughuli zetu kwa heshima ya marehemu. Zetu. Nimeziangalia zile kumi na moja. Kumi ni zetu, na zote zife leo, ikiwamo ya kwangu ya barabara ya Damaturu ambayo watu wangu wataniua kwayo. Sitazigusa. Hii moja ni yake. Mtu akifa tunamwosha, tunamvisha, tunambeba mpaka tumfikishe. Hatusemi kwamba kumbeba ni shughuli nyingine. Jana jioni nilimwambia atausikia kwenye redio saa sita. Leo saa nane nitaingia kaburini kumpokea. Nimwambie nini, mzee wangu? Nimwambie tumekuheshimu kwa kumaliza ulichoacha, au nimwambie tumekuheshimu kwa kukiua?"

Osinaike hakukaa. Lakini sauti yake ilishuka. "Na huu utani, Kiongozi. Maiti hajazikwa. Familia yake iko juu pale. Ni nani amekupa ruhusa?"

"Muulize mwenyewe."

Wote tukainua macho. Mgeni ukumbini haruhusiwi kusema, hata akikohoa ni kwa adabu. Sa'idu alikuwa amekaa vile vile, amenyooka, amekaza taya tangu alfajiri. Halafu kitu kikamshinda. Alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya kilemba, kicheko kikatoka kando kando, kikakua, mpaka akainama kwenye magoti yake anacheka huku machozi yanamtiririka ndevuni. Askari wawili wa ukumbi wakamsogelea, maana sheria ni sheria, na Rais wa Seneti akawaashiria wamwache.

Osinaike alisimama anamtazama. Kisha akasema, "Mheshimiwa Rais, naondoa hoja yangu ya utaratibu. Iandikwe kwamba sikuipenda." Akakaa, akatoa kitambaa.

Mimi hasira yangu yote ilishaniisha, nimebaki na aibu. Mtu nimemfanyia kazi miaka minne nikadhani ameshindwa.

"Kuna jambo moja zaidi kabla haujasomwa," Bulama akasema. Sasa hakuwa anatania. "Jina lile mnaloliita ni mimi niliyelitoa. Niliwachekesha, mkacheka, na kwa kicheko kile miaka kumi na miwili imepita. Watu wamekufa katika miaka hiyo, waheshimiwa. Sijui ni wangapi. Nilikuwa mtani wake, nilikuwa na haki ya kumcheka yeye. Sikuwa na haki ya kuwacheka wale. Naomba leo usomwe kwa jina lake kamili, na naomba tusikilize."

Katibu wa Seneti akasimama akasoma. Ni jina refu, linachosha, la tiba ya walioumwa na nyoka na utengenezaji wa dawa na mambo yanayohusiana na hayo. Nimewahi kulichapa mara arobaini na sikuwahi kulisikia likisomwa mpaka mwisho. Hakuna aliyetoa sauti ya nyoka. Hakuna aliyeinua mguu.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ile ndiyo ilitoka kila upande kwa pamoja. Niliisikia miguuni.

"Wasioafiki waseme siyo."

Kimya. Nyundo ikagonga. Muswada umepita, saa nne na dakika arobaini, na sijui redio ngapi nchini zilikuwa zimefunguliwa wakati ule.

Watu walianza kukusanya makaratasi na majoho, waende msibani. Ikabaki jambo la mwisho, na lile Bulama analifanya kila siku ya kikao, analijua kuliko jina lake. Akatoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua, hakuisoma.

"Mheshimiwa Rais, natoa hoja kwamba Seneti hii sasa iahirishe kikao chake, kwa heshima ya Seneta Hamman Jauro."

"Hoja imetolewa," akasema Rais wa Seneti. "Nani anaiunga mkono?"

Hoja ya kufunga kikao inatolewa na kiongozi wetu na kuungwa mkono na kiongozi wa upinzani. Ndivyo inavyokwenda siku zote, mmoja anasema, mwingine anainuka nusu kwenye kiti anasema naunga mkono, na watu wameshafika mlangoni hata hawasikilizi. Kwa miaka minne aliyekuwa akiinuka ni Jauro.

Bulama aliligundua jambo hilo pale pale alipokuwa amesimama. Niliona. Alikuwa amegeukia ng'ambo, upande ule, kwa mazoea, anasubiri. Maseneta wa upinzani wakatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukijaza kile kiti. Mmoja akafungua mdomo, Bulama akainua kiganja taratibu, akamzuia.

"Nani anaiunga mkono hoja?" Rais wa Seneti akauliza tena, kwa upole.

"Mheshimiwa Rais," Bulama akasema, macho yake bado kule, "naomba tumsubiri kidogo. Ni Mfulani. Huenda ng'ombe wamemchelewesha."

Hakuna aliyecheka. Rais wa Seneti aliweka nyundo chini mezani, akakunja mikono kifuani, na Seneti nzima ya nchi ikakaa ikasubiri.